Timu Yetu, Gazeti Letu: Ugomvi wa Mashabiki wa Vyuo vya Marekani na Waandishi wa Mji Wao

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, kila Jumamosi, miji mingi midogo ya Marekani huwa na shughuli moja tu: mpira wa chuo. Mchezo wenyewe si soka tunayoijua. Ni mpira wa Kimarekani, ule wa wachezaji waliovaa kofia ngumu wakigombea mpira wenye umbo kama yai, unaochezwa kwa mikono kuliko kwa miguu. Wanaocheza ni wanafunzi wa chuo kikuu, lakini msidhani ni bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Penn State, katika mji wa State College jimboni Pennsylvania, huchukua watu zaidi ya 106,000. Ule wa Michigan, mjini Ann Arbor, huchukua zaidi ya 107,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, ambao sisi tunauona mkubwa, huchukua 60,000.

Siku inayofuata, yaani Jumapili, mashabiki walewale hufungua gazeti la mji wao, na wengi hukasirika. Gazeti limeandika kidogo mno. Limechelewa. Mwandishi ameikosoa timu iliyoshinda. Amemuuliza kocha swali la kumdhalilisha. Mbona gazeti la mji wa wapinzani huwasifu watu wake, na letu linatuumbua? Barua huandikwa kwa mhariri, na wengine huacha kulinunua gazeti kabisa.

Ugomvi huu unastahili kuelezwa katika jarida la seminari kwa sababu mbili. Kwanza, moja ya timu maarufu kuliko zote katika mchezo huo ni ya chuo kikuu cha Kikatoliki. Pili, chini ya kelele za mpira kuna swali linalotugusa sisi pia: mtu anayeipenda taasisi yake anamdai nini yule anayeandika habari zake?

Chuo Kikuu cha Notre Dame kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, karibu na mji wa South Bend, jimboni Indiana. Shirika hilo tunalifahamu Afrika Mashariki: wamisionari wake walifika Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, jina la Notre Dame lilikuwa limeenea Marekani nzima kwa sababu ya mpira, na aliyelieneza alikuwa mwandishi wa gazeti.

Miaka ya 1920 Wakatoliki wa Marekani, wengi wao wahamiaji na watoto wa wahamiaji kutoka Ireland, Italia na Poland, walidharauliwa waziwazi. Indiana ilikuwa mojawapo ya ngome za Ku Klux Klan, kundi lililowachukia watu weusi, Wayahudi na Wakatoliki pia. Mwezi Mei 1924 wafuasi wa kundi hilo walikuja South Bend kufanya mkutano, wakapambana na wanafunzi wa Notre Dame barabarani. Msimu huohuo timu ya chuo, chini ya kocha Knute Rockne, ilishinda mechi zake zote kumi. Tarehe 18 Oktoba ilikuwa imeifunga timu ya chuo cha jeshi, Army, 13 kwa 7 mjini New York, na Grantland Rice wa gazeti la New York Herald Tribune akawafananisha wachezaji wanne wa Notre Dame na wale wapanda farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo. Mwanafunzi mmoja aliyeshughulikia habari za timu, George Strickler, akatafuta farasi wanne, akawapandisha wachezaji hao juu yao wakiwa na sare zao, wakapigwa picha. Picha ikasambaa nchi nzima.

Tangu hapo wafanyakazi Wakatoliki wa New York na Chicago, ambao hawakuwahi kukanyaga chuo chochote, waliihesabu Notre Dame kuwa timu yao. Waliitwa kwa utani wahitimu wa treni ya chini ya ardhi. Mtu aliyeitwa mgeni na mjinga kazini alifungua ukurasa wa michezo akakuta watu wa dini yake wamewashinda wote. Ukurasa ule ulimpa heshima ambayo hakuipata mahali pengine. Mimi naona mzizi wa ugomvi uko hapo. Familia iliyopokea heshima yake kutoka kwenye gazeti hulitarajia gazeti liendelee kuitunza. Mwandishi akisema kwamba safu ya ulinzi ni mbovu, babu anayesoma haoni habari ya ulinzi. Anaona kwamba watu wake wametukanwa tena.

Sababu nyingine ni za kazi tu, na hazina ushairi wowote. Zamani mwandishi wa gazeti la mji aliingia mazoezini, akazungumza na wachezaji, akasafiri na timu. Siku hizi makocha wengi hufunga milango ya mazoezi, na mchezaji huzungumza pale tu ofisi ya chuo inapomruhusu. Chuo kina wapiga picha wake na tovuti yake, ambako kila kitu ni kizuri. Tena ziko tovuti za kulipia zinazofuatilia timu moja tu mwaka mzima, hadi habari za vijana wa miaka 17 walioko sekondari ambao kocha anatafuta kuwasajili. Shabiki anayelipia tovuti hizo akirudi kwenye gazeti lenye waandishi wawili wa michezo, gazeti linaonekana limelala.

Televisheni nayo ina mkono wake. Kituo cha NBC kimekuwa kikionyesha mechi za nyumbani za Notre Dame tangu 1991. Mwaka 2022 kundi la vyuo liitwalo Big Ten, ambamo Penn State na Michigan wamo, lilitangaza mkataba wa miaka saba na vituo vitatu vya televisheni wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Anayelipa kiasi hicho ndiye anayepanga saa ya mechi, na mara nyingi hupanga usiku. Mechi inaanza saa moja na nusu, inakwisha karibu saa tano. Wakati huohuo wamiliki wa magazeti, ili kupunguza gharama, wamefunga mitambo ya kuchapa katika miji mingi, na gazeti huchapwa katika mji mwingine ulio mbali. Kurasa lazima ziondoke mapema. Ndiyo maana Jumapili asubuhi shabiki anapokea gazeti lisilo na matokeo ya mechi iliyochezwa kilomita mbili kutoka nyumbani kwake. Anamlaumu mwandishi, ambaye alikuwa uwanjani hadi saa sita usiku akiandika.

Wamiliki hao ni akina nani? Gazeti la South Bend Tribune, lililoanzishwa mwaka 1872, lilikuwa chini ya kampuni ya familia ya Schurz hadi 2019, liliponunuliwa na kampuni ya GateHouse, ambayo kabla mwaka haujaisha iliungana na Gannett na kuwa mmiliki wa magazeti mengi kuliko kampuni yoyote nchini humo. Ann Arbor walipata pigo mapema zaidi. Ann Arbor News, lililodumu miaka 174, lilifungwa Julai 2009. Mji wenye uwanja wa watu 107,000 ulikosa gazeti lake la kila siku.

Kwa hiyo malalamiko ya mashabiki ni mawili, ingawa mdomoni hutoka kama sentensi moja. La kwanza ni kwamba gazeti halituandiki vya kutosha. Hilo kwa kiasi kikubwa ni kweli, na ni haki ya msomaji anayelipa kulisema, ingawa anaugonga mlango usio wake. La pili ni kwamba gazeti halitupendi. Hili ndilo linalohitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu mtu akilifuata hadi mwisho anafika mahali pa hatari.

Desemba 2001 Notre Dame ilimwajiri George O'Leary kuwa kocha mkuu. Mwandishi wa gazeti la mji wa Manchester, katika jimbo dogo la New Hampshire, alitaka kuandika habari nzuri tu kuhusu ujana wa kocha huyo, kwa kuwa wasifu wake ulisema alichezea Chuo Kikuu cha New Hampshire. Akawapigia simu watu waliokuwamo katika timu ile. Hakuna aliyemkumbuka akicheza hata mechi moja. Ikabainika pia kwamba shahada ya uzamili aliyojiandikia hakuwa nayo. O'Leary alijiuzulu siku tano tu baada ya kuajiriwa. Chuo kikuu kizima, pamoja na ofisi zake zote, hakikuwa kimefanya kile alichofanya mwandishi wa gazeti dogo: kupiga simu na kuuliza.

Kuna upande wa pili wa hadithi hiyo, na hauwapendezi waandishi. Mwaka 2012 magazeti na televisheni, za mji na za taifa, zilisimulia kwa machozi jinsi Manti Te'o, nyota wa Notre Dame, alivyofiwa na mpenzi wake katikati ya msimu. Januari 2013 tovuti ya Deadspin ilionyesha kwamba binti huyo hakuwahi kuwapo duniani. Te'o mwenyewe alikuwa ametapeliwa kupitia mtandao. Waandishi walikuwa wameisimulia habari hiyo bila kuithibitisha. Nionavyo mimi, kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko kuchelewesha matokeo, na mashabiki hawakulilalamikia kwa miezi kadhaa, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa tamu. Gazeti linalotupenda sana lilituletea uongo nasi tukalipokea.

Kesi nzito kuliko hizo ni ya Penn State. Joe Paterno alikuwa kocha mkuu pale tangu 1966. Alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa na Wajesuiti huko Brooklyn, alisisitiza wachezaji wake wahitimu masomo, na yeye na mkewe walichangia mamilioni ya dola, hata sehemu ya maktaba kuu ya chuo ina jina lao. Pale State College hakuwa kocha tu. Msaidizi wake wa miaka mingi, Jerry Sandusky, alistaafu mwaka 1999. Huyu alikuwa ameanzisha mwaka 1977 shirika la kuwasaidia watoto wenye shida, liitwalo The Second Mile, na kupitia shirika hilo aliwapata watoto wa kuwanyanyasa kingono.

Tarehe 31 Machi 2011, gazeti la Patriot-News la mji wa Harrisburg lilichapisha habari kwamba jopo la raia walioapishwa linachunguza tuhuma dhidi ya Sandusky. Mwandishi wake, Sara Ganim, alikuwa amehitimu Penn State hiyohiyo. Habari haikutikisa nchi. Vyombo vikubwa vya habari havikuifuatilia, na mashabiki waliokuwa na lawama walilirushia gazeti lawama hizo. Miezi saba ikapita. Tarehe 5 Novemba Sandusky akakamatwa. Tarehe 8 Novemba Patriot-News likatoa tahariri iliyojaza ukurasa wote wa mbele, likitaka rais wa chuo aondoke na Paterno asiendelee baada ya msimu ule. Kesho yake usiku baraza la wadhamini likamwachisha kazi Paterno, na maelfu ya wanafunzi wakamiminika barabarani. Gari la kituo cha televisheni likapinduliwa.

Picha ya gari lile inafaa kutazamwa kidogo. Watoto walikuwa wamedhulumiwa. Mwaka 2001 kocha kijana alikuwa amemweleza Paterno kile alichokiona bafuni. Paterno akawaarifu wakubwa wake, na habari haikufika polisi. Kocha mwenyewe, siku ileile aliyofukuzwa, alisema anatamani angefanya zaidi. Ni kiasi gani alijua na alinyamaza kwa nini, watu wanabishana mpaka leo, na familia yake iliikataa ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2012 na kumhukumu vikali. Lakini usiku ule hasira ya umati haikuuliza kuhusu watoto. Ilitafuta mtu wa kubeba lawama, ikalikuta gari la waandishi limeegeshwa.

Juni 2012 Sandusky alikutwa na hatia katika mashtaka 45 yaliyohusu wavulana kumi, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Miezi miwili kabla ya hukumu ya hatia, Ganim na wenzake walipewa Tuzo ya Pulitzer. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Katika somo la maadili tunasoma kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anaiweka fadhila ya ukweli kuwa sehemu ya haki. Hoja yake ni ya kawaida kabisa: watu hawawezi kuishi pamoja wasipoaminiana kwamba wanaambiana kweli, kwa hiyo kumwambia mwenzako ukweli ni kumlipa deni. Ukilichukulia hivyo, mwandishi wa mji ana deni kwa msomaji hata kama msomaji hataki kulipwa. Ana deni pia kwa mtoto ambaye hanunui gazeti na hana tiketi ya uwanjani. Thoma huyohuyo anafundisha kwamba kuna heshima tunayoidaiwa na wazazi na nchi yetu, na nadhani mapenzi ya shabiki kwa chuo chake yana undugu na heshima hiyo. Si kitu cha kuchekwa. Shida huanza pale shabiki anapotaka deni la heshima lilipwe kwa fedha za deni la ukweli.

Sisi wa Kanisa tumepita njia hiyo. Mwaka 1992, gazeti la Boston Globe lilipoandika juu ya uhalifu wa Padre James Porter dhidi ya watoto, Kardinali Bernard Law aliomba hadharani nguvu ya Mungu ivishukie vyombo vya habari, hasa gazeti hilo. Waamini wengi waliona naye kwamba gazeti linalichukia Kanisa. Januari 2002 gazeti lilelile likaonyesha jinsi mapadre waliowadhulumu watoto walivyohamishwa kutoka parokia hadi parokia, na Desemba mwaka huo Kardinali akajiuzulu. Miaka kumi ilikuwa katikati. Sitaki kuuliza ni watoto wangapi waliingia katika miaka hiyo. Mwezi Desemba 2018, akizungumza na watumishi wa Vatikano, Papa Fransisko aliwashukuru waandishi waliojitahidi kwa uaminifu kuwafichua mbwa mwitu hao na kuwapa sauti waliodhulumiwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeshasema mwaka 1963, katika hati ya Inter Mirifica, kwamba watu wana haki ya kupata habari, na kwamba habari hizo lazima ziwe za kweli na, kadiri haki na upendo vinavyoruhusu, ziwe kamili.

Kwa hiyo nikimsikia shabiki wa Notre Dame au Penn State akisema gazeti la mji halimpendi, ningependa kumuuliza anapewa nini na wale wanaompenda. Tovuti ya chuo inampenda. Televisheni iliyonunua mechi inampenda. Tovuti ya kulipia inampenda mradi ada ya mwezi imeingia. Mazoezi yamefungwa na maswali yamepangwa. Anayebaki ni yule mwandishi anayekaa nyuma ukumbini na kuuliza kwa nini mchezaji aliyegonga kichwa alirudishwa uwanjani, au nani alisaini mkataba ule. Huyo ndiye ambaye mashabiki wanataka aandike kwa upole, na ndiye ambaye wamiliki wanapanga kumpunguza kazini, kila mmoja kwa sababu zake.

Patriot-News lilipata Pulitzer Aprili 2012. Agosti ya mwaka huohuo wamiliki walitangaza kwamba halitachapishwa tena kila siku. Tangu Januari 2013 likawa linatoka mara tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi, na Jumapili, siku inayofuata mechi.